Kesi dhidi ya rafiki wa mwanao

Mzazi akiitwa shuleni kwa sababu mtoto wake wa miaka 14 ameanza utoro, au amekutwa na sigara, au alama zake zimeporomoka mihula miwili mfululizo, mara nyingi jibu huwa liko mdomoni kabla hajakaa: ni makundi haya. Mwalimu huitikia. Watu wawili ambao wangeweza kulaumiana wamempata mshitakiwa wa tatu, naye hayupo chumbani kujitetea. Hukumu hutoka hapohapo. Mtoto atahamishwa dawati, atahamishwa mkondo, na mambo yakizidi atahamishwa shule.

Nataka kuitazama kesi hiyo kwa pande zote mbili, ingawa sifichi kwamba wepesi wa hukumu yenyewe unanitia wasiwasi. Nianze na upande wa mashitaka, maana una ushahidi, tena mzito.

Mwaka 2005 wanasaikolojia Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha jaribio lililohusu watu 306 wa marika matatu: wenye miaka 13 hadi 16, wenye miaka 18 hadi 22, na waliofikisha 24 au zaidi. Walicheza mchezo wa gari kwenye kompyuta. Taa inageuka ya njano. Ukiendelea kwenda unaongeza pointi, ukichelewa kusimama unajigonga ukutani na kupoteza ulichokusanya. Wengine walicheza peke yao, wengine wakiwa na wenzao wa rika lao. Kwa watu wazima, kuwapo kwa wenzao hakukubadilisha chochote cha maana. Kwa wale wadogo kabisa, kuthubutu kuliongezeka karibu maradufu. Miaka sita baadaye Steinberg na wenzake wengine waliwalaza vijana ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, marafiki zao wakiwa chumba cha pili wakitazama kwenye skrini. Kujua tu kwamba rafiki anatazama kulitosha kuziamsha zaidi sehemu za ubongo zinazohusika na raha ya kupata tuzo. Hapakuwa na mtu aliyemwambia kijana akanyage mafuta.

Barabarani mchezo huo hugeuka msiba. Uchambuzi wa ajali za Marekani uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba dereva wa miaka 16 au 17 akimpakia abiria mmoja aliye chini ya miaka 21, hatari ya dereva huyo kufa ajalini hupanda kwa asilimia 44 kuliko akiwa peke yake. Akipakia wawili, hatari inakuwa mara mbili. Watatu au zaidi, mara nne. Mzazi anayesoma takwimu hizo na bado akamkabidhi mwanawe funguo za gari lililojaa marafiki ana moyo mgumu kuliko wangu.

Basi wenye hofu hawaoti. Wenzake wanapokuwapo, kijana si yuleyule aliyekuwa peke yake chumbani. Ninachobishana nacho ni hatua inayofuata, pale tunapoligeuza jambo hili la kweli kuwa maelezo ya kila kitu, na dawa yetu ikawa moja tu: tenganisha.

Lugha yetu ina methali mbili juu ya suala hili, na tumezoea kuzitumia kana kwamba zinasema jambo lilelile. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ndege wafananao huruka pamoja. Zisikilize tena. Ya kwanza inasema ubaya huambukiza: walikuwa wazima, akaja mmoja, wakaharibika. Ya pili haisemi habari ya kuambukizana hata kidogo. Inasema walifanana kwanza, kisha wakatafutana. Ukiwakuta vijana watano nyuma ya darasa, wote wakivuta sigara, methali zote mbili zinaweza kueleza unachokiona, lakini dawa zake haziko njia moja. Kama ni samaki, mtoe aliyeoza. Kama ni ndege, ukimtoa mmoja leo, kesho atatua kwenye mti mwingine wenye ndege walewale.

Mwanasosholojia Denise Kandel aliliuliza swali hilo kwa takwimu mwaka 1978. Aliwafuatilia wanafunzi wa sekondari katika jimbo la New York mwanzoni na mwishoni mwa mwaka wa shule, akaangalia urafiki uliodumu, uliovunjika na ule uliozaliwa katikati ya mwaka. Kwa njia hiyo aliweza kuona nani alifanana na nani kabla ya kuwa marafiki, na nani walifanana baadaye. Katika mambo kama uvutaji bangi na matarajio ya elimu, kufanana kwa marafiki kulitokana na kuchaguana na kuambukizana kwa kiasi kinachokaribia kulingana. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kinachoitwa “alichofundishwa na wenzake” mtoto alikuwa nacho tayari, na ndicho kilichomwongoza kwao.

Nusu hiyo ya kuchaguana ndiyo tunayoisahau, na ni rahisi kuisahau hata ukiwa msomi. Mwaka 2007 utafiti maarufu wa Nicholas Christakis na James Fowler ulidai kwamba unene husambaa kutoka rafiki hadi rafiki. Mwaka uliofuata wachumi Ethan Cohen-Cole na Jason Fletcher walichukua mbinu ya hesabu iliyofanana na ile, wakaitumia kwa vijana wa Marekani, safari hii wakipima vitu ambavyo haviwezi kusambaa kwa urafiki: chunusi, maumivu ya kichwa na urefu wa mwili. Hesabu ikasema vyote vitatu vinaambukiza. Ukimwamini kikokotoo, kijana hurefuka kwa sababu rafiki yake amerefuka. Walipozingatia mazingira ambayo vijana hao waliyashiriki, athari hiyo ilipungua au ikatoweka.

Mfano wa urefu sichoki kuurudia, kwa sababu unatupa kipimo cha kujikagua. Kila tunapotazama kundi la vijana wanaofanana na kusema “wameharibiana,” tujiulize kama jicho letu lingetuambia pia kwamba wamerefushana. Vijana wa darasa moja wanashiriki walimu walewale, kelele zilezile, njia ileile ya kwenda nyumbani, mara nyingi hali ileile ya kipato. Upepo mmoja ukipita juu ya mashamba yote, mihindi yote huinama upande mmoja, wala hakuna uliousukuma mwenzake.

Na upepo wenyewe unajulikana. Mwaka 1997 Michael Resnick na wenzake walichapisha uchambuzi wa vijana 12,118 wa Marekani. Mambo mawili yalijitokeza tena na tena kuwa kinga dhidi ya msongo wa mawazo, vurugu, dawa za kulevya na karibu kila hatari waliyoipima: kijana kujiona ana uhusiano wa karibu na familia yake, na kujiona ni wa shule yake. Sisemi hili litamshangaza mtu. Ila litazame pamoja na yale ya ndege. Mtoto anayefeli hesabu kwa mwaka wa pili, anayeitwa kwa jina la dhihaka na mwalimu, ambaye nyumbani hakuna anayemuuliza siku ilikwendaje, atamtafuta nani? Atamtafuta mwingine aliyetupwa kama yeye. Tunamkuta naye, tunasema ndiye aliyempotosha. Tukishamtenga, sababu zote za kufeli kwake zimebaki palepale, isipokuwa sasa hana hata wa kukaa naye.

Gharama ya kukosa mtu imepimwa mwilini kabisa. Ryan Adams, Jonathan Santo na William Bukowski, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, waliwataka watoto wa shule wenye umri wa miaka 10 hadi 12 hivi mjini Montreal waandike mara kadhaa kwa siku yaliyowapata na nani alikuwa nao, na wakawachukua mate kupima kotisoli, homoni inayopanda mtu anapobanwa na msongo. Mtoto aliyepatwa na jambo baya akiwa hana rafiki yake mkuu, kotisoli ilipanda na kujithamini kukashuka. Rafiki alipokuwa pembeni, tukio baya halikuacha alama hiyo. Fikiri hapo ni mtoto mmoja tu mwingine, asiye na mafunzo yoyote, anayefanya kazi ambayo tungemlipa mshauri nasaha aifanye.

Hapa ndipo tunapojikwaa katika kuwafundisha vijana “kukataa.” Mpango wa D.A.R.E., ulioanza Los Angeles mwaka 1983 na kusambaa nchi nzima, uliwatuma polisi madarasani kuwafundisha watoto kuzikataa dawa za kulevya na kushinda shinikizo la wenzao. Tathmini zilizofuata ziliona athari ndogo mno, au hakuna, katika matumizi halisi ya dawa. Mpango huo uliuona msukumo wa rika kuwa mkono unaomsukuma mtoto, hivyo ukamfundisha kuusukuma mkono huo. Lakini rejea lile jaribio la ubongo: hakuna mkono. Kuna macho yanayotazama. Huwezi kuyaambia “hapana” macho ambayo hayajakuomba kitu. Kinachomwezesha mtu kwenda kinyume na wengi ni kumpata mwingine mmoja aliye upande wake. Solomon Asch alilionyesha hilo katika miaka ya 1950 kwa mistari iliyochorwa kwenye kadi: washiriki waliwafuata wengi katika jibu la uongo lililo wazi kwa takriban theluthi moja ya mara, lakini alipowekwa mshirika mmoja tu anayesema kweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Hao hawakuwa watoto, walikuwa wanafunzi wa chuo. Kumwambia mtoto wa miaka 13 akatae akiwa peke yake ni kumdai ujasiri ambao watu wazima wengi hawana. Mpe rafiki mmoja, dai hilo litakuwa la haki.

Leonardo Bursztyn na Robert Jensen walikwenda shule za sekondari za Los Angeles, wakawapa wanafunzi nafasi ya bure ya kozi ya maandalizi ya mtihani wa kuingia chuo. Fomu zilitofautiana kwa kifungu kimoja: baadhi ziliahidi kwamba hata wanafunzi wenzao hawatajua uamuzi wao, nyingine zilisema wenzao watajua. Katika madarasa ya kawaida, 72 kati ya kila 100 walijiandikisha kwa siri, na 61 tu wakati wenzao wangejua. Katika madarasa ya wanaofanya vizuri hapakuwa na tofauti hiyo. Ila waliokuwa wakisoma baadhi ya masomo huku na baadhi kule ndio wanaonigusa zaidi. Mwanafunzi wa aina moja, mwenye uwezo uleule, fomu ikimkuta kati ya wenzake wanaosifu bidii alijiandikisha zaidi akitazamwa. Ikimkuta kwenye darasa la kawaida, alijificha. Macho yaliyomrudisha nyuma saa 3 ndiyo yangeweza kumsukuma mbele saa 5. Rika halina tabia moja ya kudumu ya kuharibu. Lina nguvu, na nguvu hiyo hufuata kile ambacho chumba kizima kinakiona cha heshima.

Sasa niseme kinachoniuma zaidi. Watu wazima walewale wanaoyaogopa makundi ndio wanaoyaunda. Tunawakusanya waliofeli kwenye mkondo mmoja. Tunawaweka watoro chumba kimoja cha adhabu alasiri nzima. Tunawapeleka watukutu kambi moja ya kurekebishwa tabia. Mpango ulioitwa Cambridge-Somerville, ulioanza mwaka 1939 huko Massachusetts, uliwahudumia wavulana kwa nia njema kuliko mipango mingi unayoweza kuitaja: walitembelewa nyumbani, wakasaidiwa masomo, wakatibiwa, wakapelekwa kambi za likizo. Ulikuwa na kundi la kulinganisha lisilopewa huduma. Joan McCord aliwatafuta zaidi ya miaka 30 baadaye, na mwaka 1978 akatoa matokeo ambayo hakuna aliyeyatarajia: wanaume 506, na katika vipimo kadhaa waliohudumiwa walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko walioachwa. Mwaka 1999, yeye, Thomas Dishion na François Poulin walionyesha madhara yalikojificha. Yalikuwa kwa wavulana waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Maelezo yao ni kwamba vijana wenye matatizo wakiwekwa pamoja hupongezana kwa kicheko na usikivu kila anaposimulia uvunjaji wa sheria, na kicheko hicho ni malipo.

Mtu wa upande wa mashitaka ataniambia: umeona, makundi ni sumu, umekiri mwenyewe. Nakubali kwamba ushahidi huo ni wake kwanza. Lakini kambi hizo hazikujiunda. Waliofeli hawakuomba wawekwe pamoja. Tulifanya kwa mikono yetu kile tunachokilaumu kwa vijana, kisha tukaandika kwenye ripoti kwamba wameshindikana.

Zipo shule zilizofanya kinyume. Jaribio lililoitwa ASSIST, lililochapishwa mwaka 2008, lilihusu shule 59 za England na Wales na wanafunzi 10,730 wa miaka 12 na 13. Wanafunzi waliulizwa maswali mafupi: unamheshimu nani, nani kiongozi mzuri katika michezo na shughuli za kundi, unamtazama nani kama mfano. Waliotajwa zaidi walialikwa, wakapewa mafunzo ya siku mbili nje ya shule, kisha wakarudi. Hawakupanda jukwaani. Kwa majuma 10 kazi yao ilikuwa kuzungumza na wenzao katika maongezi ya kawaida, kwenye foleni, njiani, wakati wa mapumziko. Katika miaka miwili iliyofuata, uwezekano wa mwanafunzi wa shule hizo kuwa mvutaji ulikuwa chini kwa takriban asilimia 22 kuliko katika shule zilizoendelea na elimu yao ya kawaida kuhusu sigara.

Wengi wakisikia habari hii huishikilia ile asilimia. Mimi nashikilia maswali. Mwalimu angeombwa kuchagua, angechagua viranja: wanaofunga tai, wanaonyoosha mkono, wanaowahi. Watoto wale wana heshima kwa mwalimu, na mara nyingi hawana hata chembe kwa mvutaji wa miaka 13. Maneno ya kiranja juu ya sigara yana uzito uleule wa maneno ya mwalimu. Maneno ya yule anayetazamwa na darasa zima yana uzito mwingine kabisa, na darasa linamjua ni nani hata kama ofisi ya walimu haimjui. Betsy Levy Paluck, Hana Shepherd na Peter Aronow walikuta jambo kama hilo katika shule 56 za New Jersey, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 juu ya uonevu. Kikundi kidogo cha wanafunzi katika kila shule ya majaribio kilihimizwa kupinga ugomvi hadharani kwa njia zao wenyewe. Ripoti za ugomvi zilizofika kwa uongozi zikashuka kwa karibu asilimia 30 ndani ya mwaka, na nguvu ilikuwa kubwa zaidi pale kikundi kilipokuwa na wengi wanaotazamwa na wenzao.

Nguvu ileile iliyompandisha dereva hatari mara nne ndiyo iliyofanya kazi hapa. Anayetaka kuing'oa ili kuzuia ajali aangalie asije akaing'oa na hii.

Yapo ambayo utetezi wangu hauwezi kuyafuta. Matokeo ya ASSIST yalififia kadiri muda ulivyopita. Kufikia mwaka wa pili tofauti ilikuwa imepungua. Mzazi ambaye mwanawe anapotea wiki hii hawezi kungoja shule iandae mpango. Na yupo anayeitwa rafiki ambaye lazima akimbiwe bila mjadala: mtu mzima anayejisogeza kwa watoto, anayewalipia vitu, anayewatuma mizigo. Huyo si rika, na kumweka kapu moja na mtoto wa dawati la pili ni kumfichia njia. Kuhusu simu nitasema kidogo tu. Zimeyafanya macho yasifumbe usiku, hilo ni kweli na lina uzito wake kwa usingizi, lakini macho yenyewe ni yaleyale.

Takwimu za barabarani nazo zilikuwa na mstari mmoja niliouacha kwa makusudi. Dereva yuleyule wa miaka 16 au 17, akimpakia mtu mwenye miaka 35 au zaidi, hatari yake ya kufa hushuka kwa asilimia 62 kuliko akiwa peke yake. Mtu mzima aliyekaa ndani ya gari analinda zaidi ya kiti kitupu. Nyumba ambayo marafiki wa mtoto wanaruhusiwa kuingia, wakajulikana majina, wakaulizwa habari za mama zao, ina mtu mzima ndani ya gari. Nyumba iliyowapiga marufuku imebaki na mtoto anayekutana nao mahali ambapo hakuna mtu mzima hata mmoja.

Nikirudi pale ofisini, pamoja na mzazi na mwalimu, ningewaomba wafanye jambo moja kabla ya kuandika barua ya uhamisho. Wagawe karatasi darasani, wawaulize watoto yale maswali: unamheshimu nani, unamtazama nani. Wakusanye, wahesabu majina. Na wajiandae, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa kwamba jina litakalorudi mara nyingi kuliko mengine ni la yule aliye kwenye faili mezani.